Kijana Aliyehesabu Mistari ya Mahindi

Ndugu vijana, katika ukurasa huu tumezoea kuwasimulia habari za wafiadini, wamisionari na waanzilishi wa mashirika. Mara hii tunawaletea habari ya jamaa moja ambayo haikuwa hata ya Kanisa letu. Walikuwa Wapresbiteri, wakazi wa mji mdogo uitwao Forest, katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani. Hawakuanzisha shirika lolote. Walimlea mtoto mmoja, basi, na katika kumlea waliandika barua ambazo waganga wa dunia nzima wanazisoma hadi leo.

Tumeichagua habari hii kwa sababu iliyo karibu nasi. Katika parokia zetu hakuna mtaa usio na mtoto wa namna hii: haongei, au anarudia-rudia maneno ya wengine, hamtazami mtu machoni, anaweza kukaa saa nzima akizungusha kifuniko cha sufuria. Wageni wakifika, anaingizwa chumba cha nyuma. Na kuna mabaya zaidi ya kufichwa, maana wengine huitwa wachawi na kutupwa barabarani, ingawa Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza jambo hilo, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Hali yenyewe huitwa usonji, nasi wengi tumeizoea kwa jina lake la Kifaransa, otisme. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si laana. Ni namna ambayo ubongo wa mtu umejengwa tangu mwanzo wa maisha yake.

Mtu wa kwanza kupewa jina hilo na mganga, kwa maana tunayoijua leo, alikuwa Donald Triplett, aliyezaliwa tarehe 8 Septemba 1933. Baba yake, Beamon, alikuwa mwanasheria. Mama yake, Mary, alikuwa binti wa jamaa iliyomiliki benki ya mji. Hawakuwa maskini, na jambo hilo tutalirudia.

Mapema sana walitambua kwamba mtoto wao ana vipaji vya kushangaza na upungufu wa kushangaza. Kabla hajatimiza miaka miwili aliweza kuikariri Zaburi ya 23 na maswali 25 ya katekisimu yao pamoja na majibu yake. Aliimba nyimbo bila kukosea sauti. Lakini baba alipoingia nyumbani jioni, mtoto hakuinua macho. Alifurahi zaidi alipoachwa peke yake. Alipotaka kitu kwa ajili yake mwenyewe alisema “wewe” badala ya “mimi”, kama kwamba maneno aliyoyasikia kwa watu aliyaokota jinsi yalivyo na kuyarudisha vilevile. Ukimharibia mpango wa vitu vyake, alipiga kelele zisizotulizika.

Desturi ya wenye mali wa nyakati zile ilikuwa kumtoa nyumbani mtoto kama huyo. Waganga waliwaambia wazazi hivyo, nao wakatii. Mwezi wa Agosti 1937, kabla hajatimiza miaka minne, Donald alipelekwa katika nyumba ya kuwakinga watoto na kifua kikuu, ingawa hakuwa na kifua kikuu. Huko alinyauka. Alikaa bila kusogea, hakujali lolote. Baada ya mwaka mmoja wazazi waliamua kumrudisha nyumbani. Msimamizi aliwashauri wamwache hapohapo, na alipoombwa aandike maoni yake juu ya mtoto aliyekaa naye mwaka mzima, aliandika barua isiyofika hata nusu ukurasa, akakisia kwamba huenda ni ugonjwa wa tezi.

Baba naye akaandika ya kwake. Wazazi walikuwa wamesikia habari za Leo Kanner, Myahudi mzaliwa wa Dola la zamani la Austria, ambaye katika mji wa Baltimore alikuwa mganga mashuhuri wa magonjwa ya akili ya watoto. Kabla ya kumpelekea mtoto mwezi wa Oktoba 1938, Beamon Triplett alimtumia barua ya kurasa 33 zilizopigwa taipu. Aliandika jinsi mtoto anavyokula, anavyolala, anavyozungusha vitu, anavyohesabu, maneno gani anayarudia na katika saa gani. Tunaomba msomaji atulie kidogo hapa. Kurasa 33 kwa upande mmoja, nusu ukurasa kwa upande wa pili: huo ndio umbali kati ya anayemtunza mtoto na anayemtazama mtoto. Kanner alipoandika makala yake ya mwaka 1943, ambayo ndiyo iliyouweka usonji katika vitabu vya uganga, aliwaeleza watoto 11, wavulana 8 na wasichana 3, na wa kwanza alikuwa Donald T. Mengi aliyoyasema juu yake yalitoka katika barua ya baba.

Mama hakuwa na furaha wakati ule. Katika barua zake za awali kwa Kanner alimtaja mwanawe kama mtoto mwenye kichaa kisicho na tumaini. Tunalisema hili wazi kwa sababu katika mafundisho yetu tunapenda kuwaonyesha wazazi wenye imani isiyotikisika, na wazazi wenye mtoto wa namna hii wakitusikia hujiona wakosefu kwa sababu wao wametikisika. Mary Triplett alitikisika sana. Hata hivyo siku kwa siku aliendelea kumfundisha mtoto kula, kuvaa, kujibu na kukaa kati ya watu, akamwandikia mganga kila badiliko dogo: sasa anauliza maswali, sasa anasoma, sasa anakubali kwenda shule.

Mwaka 1942 wazazi walifanya jambo ambalo kwa juujuu linafanana na lile la kwanza. Donald, mwenye karibu miaka 9, alipelekwa kukaa kwa mume na mke wakulima, kiasi cha kilomita 16 kutoka Forest. Lakini mara hii hakuwekwa chini ya kanuni ya nyumba yenye watoto wengi. Aliwekwa mikononi mwa watu wawili waliompenda.

Kanner alikwenda kuwatembelea mwezi wa Mei 1945, na aliyoyaona yalimshangaza yeye, profesa wa chuo kikuu. Donald alikuwa na shauku ya kupima vitu. Wakulima wakampa kazi ya kuchimba kisima na kuwaletea habari ya kina chake. Alikuwa akikusanya ndege na wadudu waliokufa, tabia ambayo ingemchukiza mama yeyote mwenye nyumba. Wakamgawia kipande cha ardhi kiwe makaburi, akasimamisha kibao juu ya kila kaburi. Kwenye kila kibao aliandika jina la mtu, kisha jina la aina ya mnyama, na mwisho jina la ukoo la mwenye shamba. Kwa hiyo kulikuwa na konokono aliyezikwa kwa heshima akiwa na jina la ukoo wa wenyeji wake, tarehe ya kuzaliwa haijulikani, tarehe ya kufa ikiwa ile siku alipookotwa. Tena mtoto alikuwa akihesabu mistari ya mahindi, akiimaliza anaanza upya. Wakamwambia aihesabu huku akiilima kwa plau. Kanner alisimama akamtazama akilima mistari 6 mirefu, akiliongoza plau na kumgeuza farasi vizuri kabisa.

Tukikaa na picha hiyo, tunaona kwamba wakulima hawa hawakumkataza kuhesabu. Wala hawakumwacha ahesabu bure. Waliitazama tabia iliyowatia watu wengine hofu, wakauliza ingeweza kuwa kazi gani. Karibu na hapo palikuwa na shule ndogo ya kijijini. Donald akaingia, na walimu wakazipokea tabia zake za pekee bila kuzifanyia kesi. Alisonga mbele vizuri katika masomo.

Hapa inatubidi tutoke Mississippi kidogo, ili ijulikane kwamba miaka ile mambo yangeweza kwenda kwa njia nyingine. Katika Ujerumani ya Hitler, tangu vita vilipoanza, wagonjwa wa akili na walemavu waliondolewa katika nyumba za matunzo na kuuawa kwa gesi. Kufikia Agosti 1941 waliouawa hivyo walikuwa wamepita 70,000. Watoto waliuawa vilevile, kwa dawa na kwa njaa, na mji wa Vienna, ambako mganga Hans Asperger alikuwa akiwachunguza watoto waliofanana na Donald, ulikuwa na nyumba ya namna hiyo. Tarehe 3 Agosti 1941 Askofu Clemens August von Galen wa Münster alipanda mimbari akayafichua mauaji hayo mbele ya waamini wake. Mwezi huohuo Hitler alisimamisha mauaji ya gesi kwa wagonjwa, ingawa kwa siri watu waliendelea kuuawa hadi mwisho wa vita. Mwenyeheri Galen anastahili ukurasa wake peke yake. Tunamtaja ili tuseme hivi tu: wakati wakulima wawili wa Mississippi wanamtafutia mtoto kazi inayomfaa, serikali yenye vyuo vikuu bora vya dunia ilikuwa inahesabu gharama za chakula cha mtoto kama huyo.

Mwaka 1947, akiwa na miaka 14, Donald alipatwa na ugonjwa mkali. Homa, baridi, maumivu ya viungo. Miguu na mikono ikakunjamana, akalala kitandani bila kuweza kujisogeza. Wazazi walihangaika naye, wakiogopa kwamba anakufa. Hatimaye alitibiwa kwa chumvi za dhahabu, dawa iliyotumika wakati ule kwa baridi yabisi, na baada ya muda aliinuka. Kisha wazazi waliona jambo ambalo hawakulitarajia. Wasiwasi na mifadhaiko yake ilikuwa imepungua mno, na kijana alianza kutaka kukaa pamoja na watu. Wengine wamedai kwamba dawa ndiyo iliyombadilisha. Sisi hatuna uwezo wa kuamua. Tunalojua ni kwamba alipoinuka kitandani palikuwa na mahali pa kwenda: nyumba yake, shule ya sekondari ya mji wake, na wenzake wa rika lake.

Kisa kimoja cha siku za shule kinasimuliwa hata sasa pale Forest. Vijana fulani walimtaka Donald aseme ukuta wa mbele wa shule una matofali mangapi. Donald akautazama mara moja, akataja hesabu. Vijana wakakimbia kuwatangazia wengine, na sifa yake ikaenea mjini miaka na miaka. Alipokuwa mzee, waandishi wawili wa Marekani, John Donvan na Caren Zucker, walimwuliza aliwezaje. Akakiri bila kuzunguka kwamba hesabu ile aliibuni tu. Kwa nini? Kwa sababu alitaka wale vijana wamwone kuwa mtu wa maana.

Tuna hakika kwamba wengi wenu mmeitambua haja hiyo ndani yenu wenyewe. Ukweli ni ukweli, na hatuwezi kuusifu uongo. Lakini fikirini umbali aliotembea mtoto asiyeinua macho baba yake anapoingia, hadi kijana anayejali wenzake wanamfikiria nini. Hakuna mashine ya kupima jambo hilo, na mama aliyekuwa akimwandikia mganga kila badiliko dogo alijua thamani yake.

Donald alimaliza sekondari mwaka 1953, akaendelea na masomo ya juu, na mwaka 1958 akapata shahada katika chuo cha Millsaps, kwa somo la Kifaransa. Huko aliimba katika kwaya, na mwongozaji hakuhitaji chombo cha kutolea sauti ya kuanzia. Donald alikuwa nayo kichwani. Kisha akarudi Forest, akaajiriwa katika benki ya ukoo, kama karani anayepokea na kutoa fedha dirishani. Aliwapa watu namba badala ya majina, na baada ya miaka mingi, mtu akirudi mjini, Donald alimkumbusha namba yake. Akiwa na miaka 27 alijifunza kuendesha gari.

Sasa turudie lile la mali. Benki iliyomwajiri ilikuwa ya jamaa ya mama yake. Baba alikuwa na fedha za kumfikisha Baltimore na za kumtibu. Na palepale Mississippi, katika miaka ileile, mtoto mweusi mwenye hali kama yake asingeingia katika shule ya sekondari ya Donald hata kama angalikuwa na akili timamu kuliko walimu wote, maana sheria ilimzuia kwa rangi yake. Habari ya Donald isitumike kumwambia mama maskini kwamba angalipenda zaidi, mwanawe angalifika. Kanner mwenyewe aliwafuatilia wale watoto 11 na kutoa habari zao mwaka 1971. Ni wawili tu, Donald na mwingine mmoja, aliowahesabu kuwa wamefanikiwa kweli. Waliofungiwa katika hospitali kubwa za serikali walipoteza hata kile kidogo walichokuwa nacho walipoingia. Wakulima waliomlea Donald, hata hivyo, hawakutumia fedha yoyote kumgeuzia hesabu kuwa kilimo.

Na kuna dhuluma nyingine iliyowapata mama wa aina hii. Kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, wataalamu wengi walifundisha kwamba usonji unaletwa na mama mwenye moyo wa barafu. Kanner alikuwa ametoa maneno yaliyofungua mlango wa wazo hilo, na mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago alilieneza kwa kitabu kilichosomwa sana. Mama anakesha na mtoto usiku, asubuhi anaambiwa kwamba yeye ndiye aliyemharibu. Aliyepinga kwa nguvu alikuwa mzazi, Bernard Rimland, baba wa mvulana mwenye usonji, ambaye katika kitabu cha mwaka 1964 alionyesha kwamba chanzo kiko katika mwili, si katika malezi. Mwaka 1969 Kanner alisimama mbele ya mkutano wa wazazi akatangaza kwamba hawana hatia. Kwetu lawama hutumia maneno mengine, kama mizimu, deni la ukoo au dhambi ya mama, lakini ni lawama ileile. Papa Fransisko, alipokutana na watu wenye usonji na jamaa zao huko Vatikani, mwezi wa Novemba 2014, aliomba upweke na aibu waliyotwikwa vivunjwe.

Tarehe 6 Aprili 1970 Mary Triplett aliandika barua tena. Mwanawe alikuwa na miaka 36. Barua ile imehifadhiwa, nayo ni furaha ya mama iliyoandikwa kama orodha ya vitu vya nyumbani. Don anafanya kazi benki na wateja wanampenda. Hatamani kupandishwa cheo. Anacheza gofu mara nne au tano kwa juma na amekwisha kupata vikombe sita. Ni katibu wa shule ya Jumapili ya kanisa lao. Ana gari lake, vitabu vyake, chumba chake. Hazungumzi sana na watu, wala haonyeshi haja ya kuoa. Hakujificha kwamba Don si kama wengine kabisa. Lakini, akaeleza, ameshika nafasi yake kati ya watu kupita yote waliyothubutu kuyatumaini. Yule yule aliyeandika zamani kwamba hakuna tumaini. Kisha akaongeza neno moja ambalo, kila tulisomapo, linatunyamazisha: angetamani kujua mwanawe anahisi nini ndani ya moyo wake.

Kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii ana swali lingine ambalo haliandiki katika barua: tukifa sisi, nani atamwangalia? Beamon Triplett alifariki mwaka 1980, Mary mwaka 1985. Donald alibaki peke yake katika nyumba aliyokulia, kwa miaka karibu 38 zaidi. Asubuhi alikunywa kahawa na rafiki zake, kisha akatembea kwa miguu, kisha gofu. Alisafiri nchi nyingi, kila mara kwa siku chache tu, akarudi. Alifariki tarehe 15 Juni 2023, akiwa na miaka 89.

Donvan na Zucker walipofika Forest mara ya kwanza kumtafuta, walizunguka mjini wakiwauliza watu habari zake. Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake na bila kujua kwamba mwingine amesema hivyo, waliwapa onyo lilelile: mkimdhuru Don, tunajua mahali pa kuwapata.